Panya Wasioamshwa na Paka

Shikamoo Baba,

Huku Bukiriro mvua haikatiki, na maharage mapya ni matamu. Tunapima mawimbi ya ubongo wa panya, tujue kama usingizi wao hurithiwa kupitia jeni. Jana mchana mwenyeji wetu, Mama Adela, alituonea huruma kuishi na panya, akawaingizia paka wake. "Sasa mtapumzika, wanangu!" Nilikimbilia kwenye chumba chao nikijua kazi yetu imeharibika. Paka alikuwa amekaa juu ya kizimba. Panya wote walihangaika, isipokuwa ndugu watatu wa mama mmoja, wamelala fofofo.

Nikakukumbuka unavyokoroma radi ikipiga. Juzi ilipiga hapa, wenzangu wakatoka mbio. Mimi nikasimuliwa asubuhi.

Ulale salama, Baba. Mwambie Mama kwako sikurithi pua tu.

Mwanao Pendo