Chipu ya Shemeji Norman

14 Chapel Row,
Hagthorpe,
Yorkshire.

Jumapili, 17 Agosti 1986

Mpendwa kaka Desmond,

Pokea salamu zetu huko Hobart, wewe na Patricia. Mguu wako unaendeleaje? Na yeye kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha tangu Jumanne, ndivyo tunavyojua kwamba ni majira ya joto. Shule imefungwa, kwa hiyo nimepumzika kupikia watoto mia mbili, na magoti yangu yananishukuru.

Dada yetu Beryl hajambo. Anakusalimu, au angekusalimu kama mumewe angempa nafasi ya kutia neno. Nisikufiche, barua hii inamhusu huyo mumewe, Norman. Nilitaka nianze na habari nyingine, nikakuta zimeisha.

Nilikuandikia kwamba klabu ya njiwa ilinunua kompyuta mwaka juzi, na kwamba ni mimi niliyeiandikia programu ya kupiga hesabu za mashindano, baada ya kukaa na vitabu vya maktaba majira yote ya baridi. Unajua mwenyewe ilivyokuwa zamani. Njiwa wote wanaachiwa mahali pamoja, lakini kila mmoja anarudi kwenye banda lake, kwa hiyo mshindi si wa kwanza kufika bali mwenye kasi: yadi za safari yake zigawanywe kwa dakika zake. Wanaume kumi na tisa, penseli tatu, na ugomvi mpaka bia iishe. Sasa mtu anaandika nambari ya mwanachama na muda uliosomwa kwenye saa yake, mashine inatoa kasi, basi.

Ngoja nikueleze kidogo inavyofanya kazi, maana shida yote imekaa hapo. Programu ni mistari, na kila mstari una nambari. Umbali wa kila banda niliuandika kwenye mstari wenye nambari ya mwenyewe mara kumi. Mwanachama wa nne, mstari wa arobaini. Mwanachama wa saba, ambaye ni Norman, mstari wa sabini. Mashine inazidisha kwa kumi, inakwenda kwenye mstari huo, inachukua umbali. Stan Mawson alipofariki, alikuwa nambari tatu. Nikafuta mstari wa thelathini nikaacha pengo, kwa sababu klabu haimpi mtu mwingine nambari ya marehemu. Nilijiona mjanja sana.

Sasa Norman. Huyu bwana alichaguliwa kuwa katibu mwezi wa nne kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi, na tangu siku hiyo anatembea kama aliyepewa jimbo. Mwezi wa saba akaona tangazo gazetini la chipu ya zana. Chini ya kifuniko cha mashine kuna matundu matupu. Unachomeka chipu hapo, na kuanzia hapo mashine inajua amri mpya ambazo haikuzaliwa nazo: kutafuta neno ndani ya programu, kuondoa nafasi zisizo na kazi, kupanga upya nambari za mistari. Chipu inaitwa Brigadier. Ingeitwa Karani, Norman asingeinunua.

Aliichomeka mwenyewe, mbele ya Beryl, kwenye meza ya jikoni, kwa kidole gumba. Mguu mmoja wa chipu ukapinda. Akaunyoosha kwa kile kibano cha Beryl cha kung'olea nyusi, akachomeka tena. Ilivyokubali kufanya kazi, hata mimi nashangaa. Kijitabu cha maelezo kilichokuja nayo alikiweka chini ya mguu wa meza ya klabu, ile inayoyumba. Huo ndio uangalizi pekee aliowahi kukipa.

Nilipokwenda klabu kuchapa majina ya wiki hiyo nikamkuta amekaa mbele ya mashine, amekunja mikono.

"Shemeji, programu yako nimeisafisha," akaniambia.

"Ilikuwa chafu?"

"Ilikuwa na mashimo. Unatoka ishirini unaruka arobaini. Mtu makini haachi mashimo. Nimempa Brigadier amri moja tu, amepanga yote kumi, ishirini, thelathini, mpaka mwisho. Nimeshaihifadhi juu ya ile ya zamani."

"Ulijaribu kama bado inafanya kazi?"

"Doreen, hii ni chipu. Amri zake zimechomwa ndani kiwandani, hazifutiki. Si kaseti yako ya dukani unayohifadhia programu."

Nami, kaka, nilikuwa nimebeba sufuria la mbaazi la Beryl na basi langu lilikuwa linakuja. Nikaondoka. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Jumamosi ya tarehe mbili yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu, yale marefu kutoka Ufaransa. Hapa lazima nikuambie habari ya mzee Wilf Oldroyd, yule wa nyumba za chini karibu na reli, aliyekufundisha kushika njiwa bila kumbana. Mapafu yake yana vumbi la mgodi la miaka arobaini, na sasa daktari amemwambia kwamba vumbi la njiwa linamalizia lililobaki. Banda lilitakiwa liondoke kabla ya tarehe kumi na sita. Makinda wamepata wa kuwachukua. Lakini njiwa aliyekwisha kukua huwezi kumhamisha, unajua. Siku ya kwanza ukimfungulia anarudi kwa Wilf, na kwa Wilf hakuna banda. Anayemchukua itabidi amfungie maisha, kwa ajili ya mayai tu, na huku kwetu hakuna anayefungia na kulisha njiwa asiyewahi kushinda. Waliobaki Wilf angewavunja shingo mwenyewe. Alisema hatamwomba mtu mwingine amfanyie.

Miongoni mwao alikuwemo jike mmoja wa kijivu mwenye madoa, miaka mitano, mara mbili wa pili, hajawahi kuwa wa kwanza. Wilf alimpeleka Ufaransa.

Alirudi kwa saa sita na dakika hamsini na mbili. Njiwa wa Norman alitumia saa sita na dakika hamsini na tano, lakini Norman anakaa juu kilimani, mbali zaidi. Norman akaingiza muda wa watu wote kwenye mashine, Brigadier akiwa amelala chini ya kifuniko, na matokeo yakatoka: Norman wa kwanza, Wilf wa tatu. Norman akapigiwa makofi. Akanunua bia ya mtu mmoja, yaani yake.

Jambo moja tu halikwenda sawa. Ilipofika zamu ya Raymond Pickles, nambari kumi na tisa, wa mwisho, mashine ikagoma, ikasema haina umbali wake. Unajua Norman alisema nini? Kwamba saa ya Raymond ni mbovu. Saa, Desmond. Mashine inalalamikia umbali, yeye analaumu saa. Wakampigia Raymond hesabu kwa penseli, na hakuna aliyejiuliza zaidi.

Jumatatu nilimpelekea Wilf keki ya tangawizi. Nikamkuta nje, amekaa kwenye ndoo, anapumua kama mlango usiotiwa mafuta, yule jike magotini.

"Nambie mama Doreen," akasema, "wewe ndiye unayeelewa ile mashine. Kutoka kwangu mpaka kwa Norman ni maili moja na yadi elfu moja mia mbili na thelathini. Nimeishi na nambari hiyo miaka thelathini. Siku ile njiwa walikuwa wanakwenda maili mbili kwa dakika tatu. Dakika tatu tumepishana, basi ili anishinde angekaa mbali kunizidi kwa maili mbili, na maili mbili hazipo. Amenipitaje?"

Nilianza kuzipiga hesabu kichwani.

"Labda mashine inajua kitu," akasema. "Siwezi kubishana nayo. Mie nilitoka shule na miaka kumi na minne."

Nilikwenda moja kwa moja klabu, nikakivuta kijitabu chini ya mguu wa meza. Ukurasa wa ishirini na tatu, kwa herufi ndogo lakini si ndogo kiasi cha kumshinda mtu mwenye miwani ya Norman: amri ya kupanga upya haitagusa nambari ambazo programu inazipata kwa hesabu yake yenyewe. Programu yangu inazipata kwa kuzidisha. Norman alipoziba pengo la marehemu Stan, kila mtu baada yake alisogea hatua moja, lakini mashine iliendelea kumtafuta mahali pake pa zamani. Namba nne akapewa umbali wa namba tano. Norman akapewa wa jirani yake wa juu zaidi, Wilf akapewa wa yule wa kule chini bondeni. Na Raymond, wa mwisho, hakuwa na wa kumwazima.

Nilijiuliza kama alifanya makusudi. Nilijiuliza kwa muda wa kuvaa koti. Kudanganya namna ile kunahitaji kuielewa mashine.

Mkutano ulikuwa Ijumaa. Utakumbuka sheria ya klabu: mwanamke anaweza kuandika programu, kukata mikate na kufuta meza, ila hawezi kuongea mkutanoni mpaka mwanachama amwombee ruhusa. Nikakaa karibu na mlango na karatasi zangu. Ni Raymond aliyesimama, bado ana uchungu wa saa yake.

"Mwenyekiti, naomba huyu mama aruhusiwe kusema."

"Kuhusu nini?" akauliza Norman, ambaye hakuwa mwenyekiti.

"Kuhusu saa yangu," akasema Raymond, na watu wakacheka, nikaruhusiwa.

Nilisoma umbali wa Norman kutoka cheti chake mwenyewe cha upimaji wa banda kilichotundikwa ukutani. Nikawapa penseli. Nikasoma wa Wilf. Chumba kizima kikainama kupiga hesabu, na ilikuwa raha kuona nyuso zile zikibadilika moja baada ya nyingine, wepesi wa kugawanya kwanza. Wilf, yadi elfu moja mia mbili na moja na kitu kwa dakika. Norman, elfu moja mia mbili na nusu.

"Chipu haikosei," akasema Norman.

"Haikukosea," nikamwambia. "Ilifanya ulichoiambia. Ungeniambia mimi nikupikie, ningeuliza unataka nini. Hii haiulizi."

"Programu ndiyo mbovu basi. Nani anaandika programu isiyoweza kupangwa upya?"

Na hapo, kaka, alikuwa na haki kidogo, nami sikupenda hata kidogo. Nikasema, "Mimi. Lakini mimi sikuipanga upya."

"Kaa chini, Norman," akasema mtu wa nyuma. "Umeshindwa na njiwa bibi kizee wa kijivu."

Wilf hakuwepo. Alikuwa hawezi kupanda ngazi za klabu. Kombe alipelekewa nyumbani na Raymond, kwenye mfuko wa viazi ili lisilowe.

Baada ya hapo wakajitokeza watu watatu kumtaka yule jike. Wawili nawaheshimu. Wa tatu alikuwa Norman. Alikwenda kwa Wilf mchana kweupe, kofia mkononi, siku nne baada ya kusema mbele ya watu kwamba programu yangu ni mbovu, akaomba ampe yule aliyemshinda.

Wilf akampa.

Nilipopata habari nilikwenda kwake nimekasirika kiasi kwamba nilisahau mwavuli. Wale njiwa sita wengine alikuwa ameshawamaliza siku hiyohiyo. Banda lilikuwa kimya na yeye alikuwa ananawa mikono kwenye beseni.

"Watatu walikuja, mzee. Watatu, nawe umempa yule?"

"Nimempa."

"Mtu aliyekunyang'anya kombe kwa ujinga wake?"

"Mama Doreen," akasema, akiendelea kunawa, "mashine Norman hazijui. Njiwa anawajua. Wale wawili banda lao lina unyevu. Umewahi kuingia kwa Norman ukakuta unyevu?"

Sikuwahi kuingia. Miaka ishirini na sita ameoa dada yangu na sikuwahi kuingia kwenye banda lake, kwa kuwa nilijua ningekuta nini.

Leo baada ya chakula nimeingia. Wilf aliniomba nikamwone jike kwa niaba yake, maana yeye hata akipita karibu anakohoa. Desmond, ni pasafi kuliko jiko langu. Mbao zimekwanguliwa, hewa inapita, maji yamebadilishwa. Norman alikuwa amemtengea jike chumba cha kusini chenye dirisha, na alikuwa amemshika kama Wilf alivyokufundisha wewe, kidole gumba mgongoni, miguu katikati ya vidole, bila kumbana, akimgeuza mwangani polepole atazame bawa lililochoka. Hakuwa anasema lolote. Kwa dakika nzima sikuwa na la kumdharau.

Kisha akafungua mdomo. Anasema amemwandikia yule mwenye chipu amrudishie fedha zake, na kwamba kuna nyingine mpya, iitwayo Field Marshal.

Nisalimie Patricia, na wanao wote wawili, na yule paka kama bado yupo. Beryl anakusalimu, safari hii kweli, amenipigia simu mwenyewe. Raymond anasema urudi uone saa yake inavyokwenda. Wilf hakusema nikuandikie salamu, lakini nilipomwambia naandika barua aliuliza kama bado unashika njiwa. Mungu awaweke salama, na akupunguzie maumivu ya mguu.

Programu nimeiandika upya. Sasa umbali uko mahali ambapo hakuna anayeweza kuupanga upya, na kwenye mstari wa kwanza unaotokea kwenye skrini nimeacha pengo jipya la Stan, kwa makusudi, mahali Norman atakapoliona kila anapoiwasha.

Dada yako akupendaye, hata usipojibu,

Doreen