Koti Langu Nisilolitambua

Kihesa, Jumapili, Julai 1974

Tangu mavuno sijaandika neno humu, na sina udhuru ila uvivu. Leo aibu imenirudisha.

Rehema, binti yangu anayesomea ubunifu wa mavazi, yuko likizo. Mchana aliingia sebuleni, akapiga magoti kuwaamkia wazee wa kanisa waliokuja kunitembelea. Alivaa kikoti cha sufu ya bluu iliyokoza, kola imetariziwa kwa uzi mwekundu.

"Nani amekununulia nguo hiyo?" nilimwuliza mbele yao.

"Sijanunuliwa, Baba."

"Basi umehongwa. Chuoni hurudi!"

Mzee Mgaya alicheka. "Ndio mabinti wa siku hizi, Mwalimu."

Wageni walipoondoka, Rehema alivua kikoti akanionyesha upande wa ndani: umepauka, na una doa la wino wa kalamu yangu. Lilikuwa koti langu la kufundishia, nililomwambia akalifanye matambara. Alilifumua, akalishona upya, upande wa ndani ukawa nje. Miaka yote nililivaa, nisiijue rangi iliyobaki chini ya bitana.

"Na hizi kolani ni alama zako za vema, Baba, unazosahihishia madaftari. Nilitaka chuoni wajue mimi ni mtoto wa nani."

Nilimwuliza kwa nini hakusema mbele yao. Akasema hakutaka niaibike.

Nimemwambia atarudi chuoni. Lakini wazee wameondoka wakiamini neno langu, na Jumapili ijayo tutaketi nao kanisani. Kusimama pale nikiri kwamba nilimsingizia...

Nikishaamua, nitaandika.