Kwa Arliss Stidham, Aliyegoma Kunywa Dawa

Mwaka umetimia, Arliss, tangu tukuzike pale mlimani juu ya kanisa, na mpaka leo bado tunabishana nawe. Hukuwa mtu wa kushindwa hoja, hata ukiwa marehemu.

Tuanze na mema, maana yalikuwa mengi. Ulichimba makaa ya mawe mpaka mwamba ulipokuangukia mgongoni. Wajane uliwapelekea kuni kabla hawajaomba. Na nyanya za bustani yako! Kaka yako Orbin anaapa kwamba moja ilibiringika mteremkoni ikasimamisha treni ya makaa, na dereva akashuka kuomba chumvi.

Mengine unayajua. Vidonge vya mgongo ulipewa na daktari, halali kabisa, vikageuka bwana wako. Orbin alipopasuliwa goti ulimwibia vyake, kisha ukamsaidia kuvitafuta. Ulipojaribu kuacha ghafla, arosto ilikutapisha, ikakutetemesha, ikakurudisha ulikotoka. Kilichokuokoa ni ile kliniki ya mjini na dawa yake ya kuzima hamu ya vidonge, ya kuyeyusha chini ya ulimi kila asubuhi. Waliosema, "Teja ni teja tu, kabadilisha dawa," uliwajibu, "Na wewe acha ya sukari, tuone." Ukasimama wima miaka mingi, nasi tukatamba.

Ndipo saratani ikaingia kwenye mifupa, nawe ukaanza vituko.

Daktari alikuja nyumbani akakueleza taratibu: "Mzee Arliss, hii ya maumivu tutakupimia sisi, na mkeo ataifungia. Mwili wako unaihitaji. Si kama zamani."

"Mpe mbwa," ukasema.

"Mbwa hana saratani," akasema Orbin.

"Basi kunywa wewe, kaka, unayependa vya bure."

Ukauma mto mpaka manyoya yakatoka. Tulikusihi, tukakununia, tukamleta mchungaji, naye ukamfukuza kwa bakora. Binti yako Tresa alikugusa bega tu, ukapiga yowe, ukageukia ukutani.

Mkeo Verlena ndiye aliyefika mwisho wa uvumilivu. Aliitua sahani ya maharage kwa kishindo.

"Nisikilize, mume wangu. Vidonge vilikuchukua, nikangoja, ukarudi. Sasa maumivu nayo yamekuchukua. Umelala hapo, husemi, hutazami mtu. Mimi nitakuwa na mume lini?"

Uligeuka kutoka ukutani. Kisha ukauliza, "Na nikianza kuomba zaidi?"

"Nitakwambia saa yake bado."

"Nikikutukana?"

"Angalau utakuwa umeongea na mimi."

Ukafungua kinywa kama kinda.

Tukakupata tena, wiki mbili hivi. Uliketi barazani, ukakosoa mkate wa mahindi, ukaimba vibaya kwa sauti kubwa. Uliomba zaidi mara moja tu. Verlena akasema bado, ukamtukana vizuri sana, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kwa nini hukukubali mapema, mwanaume wewe? Kiangazi kizima tulikaa na mgongo wako tu! Kufa tumekusamehe. Zile siku ulizotunyima, hizo bado.

Tunaokukumbuka ni mkeo Verlena, kaka yako Orbin, binti yako Tresa na mumewe, wajukuu, na wenzako wa kliniki wanaoulizia nyanya. Hatutakusahau kamwe, Arliss, wala hatujamaliza kukugombeza.