Simu ya Mama Imebadilishwa Bila Ruhusa Yake

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na joto halijapungua hata kidogo. Nina hasira, na ubaya wa hasira yenyewe ni kwamba aliyeniudhi simjui jina wala sura.

Jana programu ya ujumbe kwenye simu ya Mama ilikataa kufunguka. Ikamwambia toleo lake limepitwa na wakati, asasishe ndipo aendelee. Kitufe kilikuwa kimoja tu. Cha kusema "sitaki" hakikuwapo. Mama akabonyeza. Angefanya nini?

Mama yangu husoma Kurani mpaka watu wanyamaze wamsikilize, lakini herufi za shuleni hazikumwingia. Simu yake anaijua kwa mahali. Juu kabisa ipo picha yangu ya mtandio wa manjano. Anabonyeza hapo, anashikilia alama ya kinasa sauti, anazungumza. Nilimfundisha kwa subira, kila nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani Msambweni kutoka hoteli ya Galu ninakofanya kazi ya mapokezi. Akaweza, akafurahi. Kila asubuhi hunitumia dua yake kabla sijavaa sare.

Leo asubuhi pale juu sikuwapo. Hapo wameliweka kundi la kina mama wa madrasa, eti kwa kuwa ndilo lenye mazungumzo mengi. Nani aliwaomba?

Niseme wazi jambo ambalo humu daftarini nimekuwa nikilizungukazunguka. Nimeposwa. Keshokutwa Ijumaa, baada ya swala, wazee wa kina Salimu wanakuja kuchukua jibu. Nampenda Salimu, na ninataka jibu liwe ndiyo. Mamake Salimu, Bi Mejumaa, yumo katika kundi lile la madrasa. Nami nimo, kwa ajili ya kuwaandikia matangazo yao.

Kwa hiyo nilisikia. Nilikuwa nyuma ya meza ya mapokezi, wageni wamepanga foleni na mabegi yao, nikaweka simu sikioni nikidhani ni maulidi. Ilikuwa sauti ya Mama, akidhani ananitumia mimi peke yangu.

"Mwanangu, kijana hana neno. Ana adabu, ana kazi, swala hazimpiti. Lakini mamake! Akianza kusema asubuhi, adhana ya adhuhuri itamkuta hajameza mate. Mwambie Salimu akutafutie nyumba yenu wenyewe. Kwa yule bibi usikae, utazeeka kabla yangu."

Mgeni aliniuliza kama naumwa.

Nilimpigia Mama nikamwambia aufute ule ujumbe upesi. Alikuwa mtulivu mno, masikini, hajui alichofanya. Akaniambia ile alama ya pipa la taka niliyomwonyesha haipo tena, kuna vitone vitatu, na ndani ya vitone kuna maneno. Nikamwambia abonyeze la kufuta. Yalikuwa mawili, la kufuta kwake tu na la kufuta kwa wote. Akabonyeza la kwanza. Akasema, "Alhamdulillahi, umeondoka."

Umeondoka kwenye simu yake. Kwetu sote umebaki, na sasa yeye hawezi tena kuufuta. Nilisimama pale nikaona jina la Bi Mejumaa likijitokeza miongoni mwa waliokwisha sikiliza. Kundi ambalo hutumiana maua na salamu kutwa nzima lilinyamaza kimya.

Nilimweleza Mama ujumbe ulikofika, nikaomba ruhusa nikaenda Msambweni. Nilimkuta amekwisha vaa buibui, anataka kwenda kwa Bi Mejumaa. Nilikuwa nimeandaa radhi nzuri ya kuandika, nikamsomea. Alikataa. Akasema neno limetoka kinywani mwake, na litaombewa radhi kwa kinywa hicho hicho, uso kwa uso. Mie singeweza kumfuata. Msichana aliyeposwa haonekani kwao mvulana kabla jibu halijatoka. Ningemwongezea aibu juu ya aibu.

Nikabaki nyumbani na ile simu. Nilitafuta kila pembe mahali pa kurudisha mpangilio wa zamani. Hakuna. Kuna mahali pa kubadilisha rangi. Wallahi nilitaka kuitupa kisimani. Mtu amekaa mahali fulani, ameamua mama yangu azoee upya nyumba aliyokwisha izoea, na posa yangu inavunjika mikononi mwake wala hatajua.

Mama alirudi baada ya alasiri. Alivua viatu, akaomba maji, akanywa yote.

Akanieleza mwenyewe. Bi Mejumaa alimkaribisha, akamketisha, kisha akaufungulia ule ujumbe mbele yake, wote, mpaka mwisho. Mama anasema alitamani sakafu ipasuke. Aliomba radhi, akalia. Bi Mejumaa akamwacha alie. Halafu akasema hayo yote marehemu mumewe alikuwa akimwambia kila siku, na kwa lugha kali zaidi. Akamshika mkono.

"Ijumaa iko pale pale," akamwambia. "Na mie nimekwisha kukusemeni kwa Salimu, wewe na huyo bintiyo. Ila simu yangu bado haijabadilishwa."

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Nami nilicheka, kwa sababu moyo ulikuwa umerudi mahali pake. Tumeswali magharibi, amejilaza, na mie nimekaa barazani naandika haya.

Bi Mejumaa amenisema. Amenisema nini, na Salimu amemjibu nini?