Betri Uliyoipasha Moto Jikoni

Kaka Gaudensi,

Nimemwibia Pius. Sijamwambia Mama, na padri pia hajui. Wiki iliyopita nilipanga foleni ya kitubio nikatoka kabla zamu yangu haijafika. Ukimtoa Pius mwenyewe, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Shikamoo. Unisamehe, nimetanguliza wizi kabla ya salamu.

Nilichoiba ni lile bomba lake la kuvutia mvuke, pacha wa lako. Uliyaleta yote mawili kutoka Laela, umeyanunua kwa dereva wa lori la Tunduma, moja lako na moja la rafiki yako. Mlikaa nje ya kibanda chako cha kutengenezea simu mkipuliza mawingu yanayonuka embe, Pius akiwa juu ya bodaboda yake anasema sasa ninyi ni mabosi, waliobaki ni vibarua. Nilikuwa nimekuletea chakula. Ulilifungua lako unionyeshe: bomba tupu la shaba, betri moja, kitufe chini, na juu kiwaya cha kuchemshia yale maji ya ladha ya embe yawe mvuke. Basi.

"Vepu za dukani zina akili ndani, Kadia, zikizidiwa zinajizima," ulisema. "Hii haina akili. Akili ni mimi."

Nimeyarudia sana maneno hayo. Akili ulikuwa nayo kweli, kaka, mtaa mzima unajua. Lakini akili yako ya betri ulikuwa umeirithi kwa Babu.

Kule Mwimbi, Babu hatupi betri za redio zikichoka. Anazianika juani, na siku za mawingu anazipanga kando ya mafiga, na jioni redio inasema tena. Sisi sote tumekua tukiona hivyo. Basi mwezi wa saba, upepo ulipokuwa unakata masikio, bomba lako likatoa mvuke mwembamba, ukasema baridi imeinyonya betri. Ukaiweka kando ya jiko la mkaa. Nilikuwa hapo hapo nakoroga ugali. Tena nilisogeza sufuria ili upate nafasi.

Betri yenyewe uliichomoa kwenye laptopu mbovu. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imechanika, wewe ukaizungushia selotepu. Ilipopata moto uliipuliza majivu, ukaitumbukiza kwenye bomba, ukaenda barazani, ukabonyeza.

Mengine siandiki. Ulikuwepo.

Msibani Mama alisema simu ilikulipukia ukiwa unaitengeneza. Usimlaumu. Hakutaka akina mama wa jumuiya waseme mwanawe amekufa akivuta. Hata kwenye wasifu uliosomwa kaburini ilisemwa ajali ya kazini. Nilisimama nyuma ya shangazi nikanyamaza. Unanijua, nikiitwa jina darasani nasahau lipi ni langu.

Toka hapo mtaani hakuna anayelala na simu inachajiwa kitandani, na hilo si baya. Jiko lile Mama halitaki, amelisukuma nyuma ya nyumba, akipika ni kwa kuni. Mimi nimemaliza kidato cha nne, tunasubiri matokeo. Usiku nasoma kwenye ile simu uliyonifufulia. Nimesoma kuhusu betri mpaka macho yanauma. Betri za Babu na hizi si ukoo mmoja, kaka. Hizi hazipashwi moto. Ngozi yake ikichanika, ubavu wa betri unagusa bomba na hapo ni shoti, na kwa kuwa bomba halina akili, hakuna wa kuikata. Gesi inajaa ndani. Mabomba mazuri yana vitundu vya kuitolea. Lako halikuwa nacho hata kimoja.

La Pius nalo halina.

Jumamosi ile tulikuwa tunakujengea kaburi. Pius alisomba mchanga kwa pikipiki tangu asubuhi, hataki hata maji. Mvua ikaanza, wanaume wakakimbilia jikoni kwetu. Nikamwona anatoa bomba lake, analifungua, betri inatoka na selotepu yake, kisha anainama anaiegesha kwenye jiwe la figa. "Mvua imeizimisha," aliwaambia wenzake.

Mbele ya wanaume wote wale nilijifanya naosha vikombe. Walipotoka kuendelea na saruji, niliinyakua betri kwa kitambaa nikaitupa uani, mbali, kwenye mchanga. Bomba alikuwa ameliacha kwenye koti. Nikalichukua pia.

Wiki nzima amewasumbua watoto wa jirani. Jana akaja kwetu, Mama yuko shambani, akanikuta nachambua maharage. "Dogo, hujaona chuma changu?" Nikasema ninacho. Nikasema na sababu, yote, huku naangalia maharage: jiko, selotepu, shoti, vitundu. Akacheka.

"We Kadia! Hata shikamoo yako haisikiki, leo unanifundisha umeme?"

Nikamwambia atoe kilichomo mfukoni. Akatoa betri nyingine, iko pamoja na funguo na sarafu, zinagongana. Nikamwambia chuma chochote kikigusa ncha zote mbili hapo, paja lake litawaka barabarani na abiria yuko nyuma. Akaacha kucheka. Akaishika ile betri kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota nge.

Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo haikuwa simu?"

Nikasema haikuwa.

"Haikuwa simu yangu?"

Kaka, sikuwa najua. Asubuhi ile alikuwa amekuachia simu yake, imevimba betri. Miezi yote hii anaamini simu yake ndiyo iliyokuua. Ndiyo maana hakuingia ndani siku ya mazishi. Ndiyo maana ya mchanga wote ule. Na sisi tulikuwa tunajua, tumekaa kimya tukilinda jina lako, na yeye anabeba.

Akageukia pikipiki yake akajifanya anakagua mnyororo. Alilia akiwa amechuchumaa hapo. Nilimletea maji. Nikakaa kwenye kinu mpaka akamaliza.

Bomba hakulitaka tena. Betri zote mbili, hiyo na ile niliyoitupa uani, tuliziziba ncha kwa selotepu, safari hii kwa kazi yake halali, tukaziweka kwenye mkebe wa mchanga mbali na nyumba mpaka tupate fundi anayejua pa kuzipeleka. Kesho atanipeleka stendi, kuna vijana wawili wenye mabomba kama hayo. Anasema yeye atawaita, mimi nitasema. Wakinicheka, watanicheka nikiwa nimeshasema.

Mama nitamwambia kabla ya Krismasi, taratibu, akiwa ameshakula. Nakuahidi sitamwaibisha, na wewe pia sitakuaibisha. Nitasema ulikosea kama ambavyo yeyote kati yetu angekosea.

Pumzika, kaka yangu. Saruji imekauka vizuri, mvua haitakufikia.

Ila hilo la Pius kulia, tafadhali, libaki kwako. Mtaani wanamwita Simba.

Mdogo wako,
Kadia