Majivu ya Pumba na Jina Lako, Mama

Michenga, Ifakara

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nakuamkia tena, maana najua ile ya kwanza Adela ameisoma mbio mbio. Adela, binti wa dada yangu, soma polepole, na usiruke mahali panaponiaibisha. Nikija nitamuuliza bibi yako aliambiwa nini.

Goti lako linaendeleaje, mama? Bado linatabiri mvua kuliko redio? Mihogo ya kule bondeni mmeshaing'oa, au nguruwe wamewatangulia? Mimi mwanao ni mzima, nimenenepa shingo. Wali wa huku hauna adabu, mtu unakula mchana na jioni kama uko harusini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya kaka Bukuru ukiongea inasikika mpaka kwa jirani, na habari hii inahusu jina lako. Barua hii anakuletea mkata miwa mmoja anayerudi Kasulu. Bahasha nimeibandika kwa ugali. Ukikuta imebanduka, mtazame huyo kijana usoni.

Uliniuliza kazi ya kulisha moto pumba ni kazi gani. Sikiliza. Chuo kimoja cha Dar kimejenga mtambo wa utafiti hapa Michenga. Juu kuna sola, chini kuna mashine inayochoma pumba za mpunga mpaka zitoe gesi, gesi inaendesha injini, injini inajaza betri. Vyote vimepandishwa juu ya nguzo za zege, kwa sababu mto wa huku ukifurika haupigi hodi. Wanataka kujua kama umeme wa namna hii unaweza kuishi kwenye bonde la maji, na ukianguka unainuka vipi. Anayelisha pumba na kuzoa majivu ni mimi. Ufunguo wa kibanda cha mtambo ninao mimi peke yangu. Mtu aliyelala Lubumbashi, akala Lusaka, akabishana na askari wa mpakani kwa Kifaransa (neno moja tu, lakini lilimtosha), atashindwa kulisha pumba? Darasa la sita langu linatosha kabisa. Hapa wananiita Kigoma, na Kigoma akipita wanasema umeme umepita.

Basi, mama, umeme ukaanza kukatika.

Siyo kwa mawingu, wala kwa pumba kuisha. Jua kali, injini inanguruma, mara pu! Kijiji kizima kimya. Halafu unarudi wenyewe, kama mtu aliyekwenda chooni. Ukikagua nyaya, nzima. Betri, nzima. Mimi nikasema moyoni: huu ni mkono wa mtu.

Na mtu mwenyewe nilikuwa nimeshampata. Yupo mzee mmoja, Mzee Mponda, ana mashine ya kukoboa mpunga ya dizeli. Tangu umeme uje, wateja wake walihamia kwenye mashine yetu ya kukoboa kwa umeme. Umeme ukikatika, wanabeba magunia yao kurudi kwake. Anawapokea akitabasamu, huku ananipigia kelele ng'ambo ya barabara: “Kigoma! Umeme wako umekwenda kusalimia nyumbani?” Nikajua ni yeye tu.

Lakini watu wengine walikuwa wananitazama mimi. Mwenye ufunguo ni nani? Wakaanza kusema Kigoma anauza umeme wetu Ifakara mjini. Nikawauliza, nauuza kwenye ndoo? Hawakucheka. Na mama mwenye nyumba ninayopanga, Mama Tumaini, anauza samaki, kambale na perege, ana friza. Siku moja umeme ulikatika ukakawia kurudi. Nilimkuta amebeba samaki walioharibika kwenye karai anakwenda kuwafukia nyuma ya nyumba. Hakunigombeza. Ila siku zote alikuwa akiniita “mwanangu, njoo ule.” Siku ile alisema, “Chakula kipo.” Mama, hilo liliniuma kuliko kuitwa mwizi.

Nikatega mtego. Majivu ya pumba ninayo mlima mzima. Nikayamwaga kukizunguka kibanda chote, laini kama unga, nikayasawazisha kwa ufagio. Atakayekanyaga, nyayo zake ndizo zitakazomtaja. Kesho yake mchana umeme ukakatika. Sikukimbilia kibandani. Nilikimbilia kwenye mashine yetu ya kukoboa, palipokuwa na watu wamekalia magunia yao, nikasema kwa sauti: “Njooni wote! Na wewe Mzee Mponda njoo, usibaki nyuma. Leo mwizi anasomwa miguu!”

Tukaenda msafara. Mzee Mponda akainama juu ya majivu, akazunguka kibanda kizima, mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Kulikuwa na nyayo za kuku. Na nyayo nyingine, kubwa, zenye mistari ya tairi.

“Kigoma,” akasema, “hebu nyanyua mguu.”

Mama, nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi nilipita kulisha pumba. Katambuga zangu, ndala hizi za tairi, zilikuwa zimechapwa pale kama mhuri. Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Halafu kicheko kikaisha, na kilichobaki hakikuwa kizuri. Mmoja akauliza, “Sasa tufanyeje na huyu?”

Hapo ndipo nilipokutaja. Niliinua mkono nikasema: “Haki ya mama yangu aliye Kasulu, aliyeninyonyesha, hakuna mtu wa mtambo huu anayekata umeme wenu. Mimi sikati, na wenzangu hawakati. Nikisema uongo, jina la mama yangu liokotwe barabarani.”

Huku mama ni mama, hata kama hawamjui. Mama Tumaini akasema, “Ameapa kwa mzazi. Mwacheni.” Jioni ile aliniita mwanangu.

Baada ya siku chache akaja Injinia Neema kutoka Dar. Ndiye mkubwa wa utafiti, binti mdogo, ana heshima, ananiita kaka, na maneno yake hayaishi. Nikamweleza kisa chote: Mponda, mtego, katambuga. Alicheka mpaka akafuta macho. Nilipofika kwenye kiapo, akanyamaza. Akaanza kubonyeza simu ambayo haikuwa imeita.

Mimi nimevuka mipaka mingi, mama. Mtu mwenye maneno akinyamaza ghafla, angalia mizigo yake. Nikamwambia, “Injinia, sema.”

“Kaka, hakuna aliyekanyaga majivu yako.”

“Hilo naliona.”

“Ni mimi. Nakata kwa simu, nikiwa Dar.”

Akanieleza. Mafuriko yakija yataangusha nguzo za nyaya, na wao lazima wajue mapema mtambo unainuka vipi, nani anapata umeme kwanza, zahanati au pampu ya maji, na watu wanafanya nini wakati wa giza. Watu wakiambiwa siku, watajiandaa, na utafiti hautaona ukweli. Akaniomba nikae kimya mpaka wamalize.

“Na samaki wa Mama Tumaini?” nikamuuliza.

“Samaki gani?”

Hakuwa anajua. Nilimwona usoni kwamba hakuwa anajua, na hiyo ndiyo sababu sikumchukia.

Sikulala vizuri. Nikikaa kimya, kazi ninayo, na mwanao akipita wataendelea kusema umeme umepita. Lakini nilikuwa nimeapa hakuna mkono wa mtambo, kumbe mkono ulikuwepo, na dhamana ya kiapo ni wewe.

Asubuhi nikaenda kwenye mashine ya kukoboa. Nikapanda juu ya gunia la mtu, akafoka, nikamwambia vumilia kidogo. Nikasema: “Ndugu zangu, juzi niliapa kwa mama yangu. Nilisema nisichokijua. Umeme unakatwa na sisi wenyewe, kwa utafiti. Mzee Mponda hana kosa, nilimsingizia. Jina la mama yangu naliondoa leo kwenye kiapo kile. Lilikuwa halihusiki.”

Neema alikuwa amesimama mlangoni, uso umemkauka. Nilidhani ataondoka. Akaingia, akasema, “Anachosema ni kweli.” Kelele zilizofuata siwezi kuziandika, Adela bado mdogo. Zilipopungua, Mama Tumaini akamwuliza, “Binti, siku ukikata, wewe unakula wapi?”

“Dar, mama.”

“Basi siku nyingine kata ukiwa kwangu. Ule tutakachokula.”

Wakakubaliana kwamba watatangaza siku, saa hawatataja. Neema hakufurahi, akasema utafiti umepata kilema. Mzee Mponda naye akataka fidia yake: nimzolee pumba zake zote, kwa mgongo wangu, mpaka mavuno yaishe. Kila nikiinama ananiambia ninyanyue mguu aone.

Sasa nasubiri neno kutoka Dar kuhusu kazi yangu. Wakinifukuza, usishtuke ukisikia hodi. Tena kuna jambo. Jana umeme ulikatika, na siku haikuwa imetangazwa. Nikampigia Neema. “Si mimi, kaka.” Nikamwambia, “Apa kwa mama yako.” Akacheka, akasema niache mambo ya kizamani, akakata simu. Nimemwaga majivu upya. Safari hii katambuga nimezivua, nalisha pumba peku.

Nisalimie kaka Bukuru, mwambie simu yake ina mdomo mkubwa. Dada, mama yake Adela, mwambie khanga yake ninayo. Shangazi wa kilimani mpe pole ya mgongo. Mjomba mfua vyuma mwambie nimeona mashine ambayo angeilamba. Na wewe Adela, ahsante kwa kusoma, sasa mpe bibi karatasi ashike mwenyewe.

Mama, jina lako liko kwako, safi, halina vumbi. Sitalitoa tena nyumbani bila kukuuliza.

Mwanao uliyemnyonyesha,
Butoyi