Kikorea cha Dada Mbele ya Bosi

Mwenzangu, mimi na dada tumetoka kwenye usaili wa ile kazi ya mapokezi. Bado siamini.

Unajua Kikorea chake ni cha tamthilia tu, hata wali huunguza akitazama.

Bosi Mkorea akamwambia, "Haya, sema chochote kwa Kikorea."

Dada akainama mpaka paji likagusa meza. Akamkabidhi bahasha ya vyeti kwa mikono miwili, pamoja na sentensi ya yule mama tajiri wa kwenye tamthilia anayemfukuza mchumba wa mwanawe kwa bahasha ya pesa: "Pokea hii, umwache mwanangu."

Umwache mwanangu. Kwa bosi.

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akaita ofisi nzima, dada akarudia.

Mimi niliyemeza kitabu cha sarufi mwaka mzima nikajibu kila swali sawasawa. Nikaambiwa, "Tutakupigia."

Dada anaanza Jumatatu. Sasa ananiomba nimwazime viatu.